Namba ya Bloku

Gerezani, saa nne asubuhi, injini ya baba
imelazwa ubavu juu ya gunia la sukari
kama mgonjwa anayesubiri kutajiwa gharama.
Pistoni nne zimo ndani ya beseni la petroli,
ringi zimekatika, na silinda ya tatu ina mchirizi.
"Pitisha ukucha hapa," Fundi Mkude ananiambia.
Napitisha. Ukucha unakwama.

"Njia ni mbili, dada Siwema.
Tuchonge, tupige slivu mpya, krenki ikapimwe:
wiki tatu, spea zikiwepo, na spea huwa hazipo.
Au ile pale."

Ile pale ni ya mtumba, imevishwa nailoni,
imepakwa rangi ya kijivu mpaka kwenye boliti,
na anayepaka rangi mpaka kwenye boliti
ana jambo analificha.

Kaka yangu Kondo hakushuka kwenye pikipiki.
"Kipya kinyemi," akasema.
"Ya kale dhahabu," nikasema.
Tukatupiana methali
kama ilivyo kawaida ya watu wasio na hela.

Nilikuwa na hoja zangu. Trekta hili
lililima Chanika kabla ya nguzo za umeme kufika.
Lilitulipia ada. Mlio wake
niliujua tangu nikiwa mgongoni.
Baba akiizima injini, aliigonga mara mbili kwa kiganja
kama mtu anayemuaga ng'ombe.
Huwezi kung'oa moyo wa mtu, nikasema,
ukaweka wa mwingine, ukamwita baba.
"Baba amekufa, Siwema," akasema Kondo.
Alisema polepole, si kwa ubaya.

Mkude, ili tu aandike risiti,
akachukua brashi ya waya akasugua ubavu wa bloku.
Grisi ikabanduka kama ukoko wa wali.
Nikafungua kadi, nikamsomea namba.
Akasoma ya kwake.
Tukarudia, tarakimu kwa tarakimu,
mmoja anasoma, mwingine anakosoa.
Hazikufanana hata mwisho.

Nikampigia mama.
"Ah, hiyo," akasema. "Ya kwanza ilikufa
mwaka ule ulipokuwa unaota meno.
Baba yako alikaa siku mbili hali.
Nikauza cherehani, akaja kununua huko huko mliko.
Hakutaka ndugu zake wajue."
Nikasikia ungo, anapepeta.
"Sasa hizo mnazobishania,
ipi itawaka kabla ya mvua?"

Kumbe mlio nilioujua mgongoni
ulikuwa wa cherehani.

Nikatazama juu, kati ya mabati mawili.
Wingu lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo.
Akina mama wa Mvuti wameshalipa nusu,
na nusu hiyo tumeshaila.
Kwetu zimebaki ekari nne; kwingine kote
ni vigingi vya viwanja, hapalimwi tena.

"Iwashe," nikamwambia Mkude. "Hapa chini, mbele yangu."
Wakaleta betri, dizeli kwenye kidumu cha maji.
Ikakohoa moshi mweupe, kisha mweusi,
kisha ikasahau kutoa.
Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa, nikasugua vidoleni.
Nikatafuta kosa mpaka nikaona haya.
Kondo alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki,
kiganja chake kipo juu ya mfuniko wa vali,
anasikiliza. Hakuigonga. Karibu aigonge.

Tukapatana bei saa saba na nusu.
Nikaazima kalamu. Kwenye kadi, pembeni,
niliandika kwanza namba ya mama,
iliyolima miaka yote ile bila kuandikwa popote.
Chini yake, hii ya leo.

"Na bloku hili, mnaniachia?" Mkude akauliza.
"Lipime kwanza kilo," nikasema.
Chuma chakavu hakifiki bei ya cherehani, najua.
Labda kitafika kwenye pedeli.